SAA, REDIO NA SETILAITI: JINSI YA KUJUA MAHALI TULIPO

Sisi wa Tabora tumezoea kusikia habari za misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Kirangozi, yaani mtu aliyeutangulia msafara, hakuhitaji ramani. Aliijua njia, visima vyake na vijiji vyake. Lakini mtu wa mbali asiyefika huku hawezi kuichora njia hiyo mpaka apewe hesabu.

Burton na Speke walipofika Kazeh, mahali pa Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuwa na kazi ya kuzitafuta hesabu hizo. Kujua umbali wa mahali kutoka ikweta si vigumu sana. Hupimwa kimo cha jua au cha nyota. Tabu ni umbali wa mashariki na magharibi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, kwa hiyo msafiri alihitaji saa iliyotiwa majira ya Greenwich, ailinganishe na jua la mahali alipo. Saa ikikosea dakika 4, yeye hukosea digrii 1, yaani karibu kilometa 111 katika nchi hizi zetu. Saa za wasafiri hao ziliharibika njiani. Vipimajoto walivyopimia kimo cha nchi navyo vilikosea: waliandika kuwa Ziwa Tanganyika liko futi 1,850 juu ya bahari, hali ni kama futi 2,500. Makosa ya namna hii yaliongeza ubishi mkubwa juu ya chanzo cha mto Nile.

Siku hizi tumeziacha nyota, lakini saa hatukuiacha. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya Marekani, huzunguka dunia kwa kimo cha kilometa 20,200 hivi, na kila moja imechukua saa za atomiki. Hutangaza daima mahali zilipo na wakati wa kutangaza. Tukijua muda ambao mawimbi yametumia kufika kwetu, twajua umbali, maana mwendo wake ni kilometa 300,000 kwa sekunde. Hapa saa ikikosea sehemu 1 katika 1,000 ya sekunde, umbali hukosewa kwa kilometa 300, zaidi kidogo ya kutoka hapa mpaka Mwanza kwa mstari ulionyoka.

Ili kuyaona mambo haya twaweza kutumia redio ya programu. Katika redio ya kawaida kazi hufanywa na vyombo vya umeme vilivyofungwa ndani. Katika hii, kifaa kidogo mfano wa kidole gumba hugeuza mawimbi kuwa tarakimu, na kompyuta hufanya kazi iliyobaki. Programu iitwayo GNSS-SDR hutolewa bure. Eriali ya GPS yenye kikuza mawimbi huwekwa penye mbingu wazi, si chini ya bati wala chini ya miembe yetu mikubwa.

Mawimbi ya GPS hutangazwa kwa megahezi 1,575.42, nayo ni dhaifu kuliko kelele za redio yenyewe. Je, hupatikanaje? Kila setilaiti ina mdundo wake, kama ngoma: mapigo 1,023, yanayorudiwa mara 1,000 kwa sekunde. Kompyuta inaijua midundo yote. Hupiga mdundo wa setilaiti moja, ikiusogeza mbele na nyuma, mpaka ulingane na ule uliofichwa katika kelele. Vilevile hupandisha na kushusha sauti kidogo, kwa sababu sauti ya setilaiti inayokaribia hupanda, na ya inayokwenda zake hushuka, kama honi ya garimoshi linalopita stesheni.

Zikipatikana setilaiti 4 na habari zao zikasomwa, hesabu hukamilika. Tatu zingetosha kama saa yetu ingekuwa kamili. Ya nne husaidia kuisahihisha. Jibu la hapa Tabora liwe karibu digrii 5 kusini ya ikweta na karibu digrii 33 mashariki ya Greenwich.

Wengine watauliza: kwa nini tujisumbue, hali simu hutoa jibu mara moja? Simu ni kama majibu yaliyo nyuma ya kitabu cha hesabu. Haionyeshi njia, na asiyeijua njia hatambui jibu likikosea. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960. Namba za simu zikiwekwa juu yake bila kubadilishwa, kisima cha kijiji huonekana karibu mita 300 mbali na mahali pake. Tena, mpaka Mei 2000, Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia wa dunia nzima. Leo Urusi, Ulaya na China nao wana setilaiti zao. Sisi twatumia saa za wengine. Basi yafaa tujue zinasema nini, na zinasemaje. Kirangozi aliaminiwa kwa kuwa aliijua njia mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne