Jifunze Kupima Valvu za Pikipiki Yako

Siku hizi pikipiki si kitu cha tajiri. Mwenzetu anayetoka zamu ya usiku katika kiwanda cha Nakawa, Luzira au Namanve hupanda yake akaenda kulala. Mwenzetu wa shamba la miwa au la chai hupeleka nayo mtoto zahanati. Na wengi, zamu ikiisha, hupakia abiria wawili watatu mpaka giza liingie, ili kuongezea mshahara. Pikipiki nyingi za namna hiyo zimenunuliwa kwa mkopo. Pikipiki ikilala, deni lake halilali.

Leo nataka kueleza jambo moja tu la injini, nalo ni nafasi ya valvu, ambayo mafundi wetu huiita tapeti. Mimi si fundi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na kazi yangu ni kutembelea matawi ya chama na kusikiliza shida za watu. Jambo hili nililijua kwa kuchelewa, na kuna mtu aliyeumia kwa sababu ya kuchelewa kwangu.

Miaka michache iliyopita pikipiki yangu ilianza kulia tik-tik-tik juu kwenye kichwa cha injini. Haikuwa na ubaya mwingine wowote. Iliwaka kwa kiki moja na kupanda mlima wa Kireka bila taabu. Lakini sauti ile ilinikera, nikaona haya mbele ya watu. Nikaipeleka kwa fundi wa kando ya barabara nikamwambia: "Niondolee kelele hii." Naye akaiondoa. Injini ilikuwa bado ya moto. Akafungua vifuniko viwili, akakaza skurubu mbili kwa kukisia, bila kipimo chochote. Ikanyamaza kabisa. Nililipa, nikamshukuru, nikaenda zangu nimefurahi.

Baada ya majuma matatu ikaanza kuwa ngumu kuwaka asubuhi. Sikujali. Siku moja nilikuwa ninakwenda shamba la chai upande wa Buikwe. Mama mmoja mchuma chai alikuwa ameitwa mbele ya wakubwa wa shamba kujibu mashtaka. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa kwa kosa, na kufika pamoja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mama yule alikuwa amenichagua mimi. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi.

Nilipofika Namawojjolo, pale penye wauza kuku wa kuchoma, injini iliishiwa nguvu, ikapiga baruti mara mbili kwenye ekzosi, ikazima. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Kiki yenyewe ilishuka laini, haina ukinzani wowote, kama pampu ya baiskeli iliyokatika mpira. Wauza kuku walicheka kwanza, kisha wakanihurumia, wakanisaidia kuisukuma. Wapi! Nilifika shambani saa saba, nimepanda teksi. Mama alikuwa ameingia peke yake na kutoka na barua. Tuliipeleka kesi yake kwa ofisa wa kazi, na ikachukua miezi saba mpaka akalipwa haki zake. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Injini ilifunguliwa Nakawa, si mbali na soko, na mzee mmoja ambaye alijifunza kazi katika chuo cha ufundi cha Nakawa, kile kilichoanzishwa kwa msaada wa Japani. Alitoa valvu ya kutolea moshi akaniwekea kiganjani. Ukingo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja, kama sahani ya udongo iliyomegeka.

"Katibu," akaniuliza, "nani alikukazia tapeti?"

"Mzee, nilitaka kelele iishe."

"Iliisha. Na valvu ikaisha pamoja nayo."

Akanieleza hivi. Ndani ya kichwa cha injini za pikipiki zetu nyingi mna valvu mbili. Moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Kila moja hufunguliwa na mkono mdogo wa chuma uitwao roka, na hufungwa na springi. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 3000 katika dakika hiyo, yaani mara 50 kwa kila sekunde. Valvu ya moshi hukaa katika moto mkali, na joto lake laweza kupita nyuzi 700. Njia yake kubwa ya kupoa ni kule kukaa sawasawa juu ya kiti chake inapofunga, ili joto lipite kwenye kichwa cha injini na kutoka nje.

Sasa, chuma kikipata moto hurefuka. Kwa hiyo kati ya ncha ya roka na mkia wa valvu lazima iachwe nafasi ndogo injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo isipokuwapo, valvu hurefuka, roka inaizuia, nayo haifiki kwenye kiti chake. Hapo moto hupenya pembeni kila mshindo, joto halina pa kutokea, na ukingo wa valvu huungua. Mgandamizo wa injini hupotea. Ndiyo maana kiki yangu ilikuwa laini.

Nafasi ikizidi, ubaya wake ni mwingine. Roka hugonga valvu badala ya kuisukuma, nayo hulia tik-tik. Valvu hufunguka kidogo kuliko inavyotakiwa, nguvu hupungua, na vyuma hulika polepole. Hilo nalo lafaa kurekebishwa, lakini injini ya namna hiyo inakuonya, tena mapema. Iliyokazwa kupita kiasi hunyamaza kimya, ikaungua ndani kwa ndani. Na usidhani ni lazima mtu aikaze: valvu na kiti chake hulika kwa kazi, valvu ikapanda, na nafasi ikapungua yenyewe bila mtu kuigusa. Kwa hiyo ukisikia mtu akijisifu kwamba injini yake ya zamani haina kelele hata kidogo, mwambie aipime.

Nafasi yenyewe ni ndogo mno. Honda C90 za zamani zilitaka milimita 0.05 kwa valvu zote mbili, na Honda CG125 ilitaka 0.08. Pikipiki yangu, kitabu chake kilisema 0.05 ya kuingiza na 0.10 ya kutoa. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa karibu milimita 0.10, basi fikiri nusu yake ni nini. Hakuna jicho la kuona hivyo, hata la fundi wa miaka 30. Usitumie namba zangu. Tafuta za pikipiki yako katika kitabu chake au kwa wakala. Na usipime kwa karatasi, kwa kuwa karatasi hubonyea.

Kifaa kinachotakiwa ni geji ya majani, ile mafundi wanayoiita fila: majani membamba ya chuma yaliyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, kila jani limeandikwa unene wake. Huuzwa penye vipuri. Wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja waweza kuchanga na kununua moja, nayo itawatosha miaka mingi wakiipaka oili isishike kutu. Zaidi ya hiyo wahitaji spana ya plagi, spana ya ringi ya nati ndogo, na kitambaa safi.

Kazi hufanywa injini ikiwa baridi kabisa. Mimi huifanya Jumapili asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Ukipima ikiwa na moto, kama alivyofanya yule niliyemlipa, namba yoyote utakayoiweka ni ya uongo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mahali pa sawa. Futa vumbi lote kichwani mwa injini kabla ya kufungua, maana mchanga ukiingia humo umejitengenezea kazi nyingine. Toa plagi, ili injini izunguke kwa wepesi. Kisha fungua vifuniko viwili vya tapeti. Kile cha upande wa kabureta ni cha valvu ya kuingiza, na cha upande wa bomba la ekzosi ni cha kutoa.

Hapa ndipo mwanafunzi hukosea, na mimi nilikosea mara mbili mzee akiniangalia tu bila kusema. Ni lazima injini iwekwe mahali ambapo valvu zote mbili zimefunga. Kwenye kifuniko cha ubavu wa kushoto kuna vizibo viwili vya kufungua kwa bisibisi pana au sarafu. Kimoja kiko katikati, mbele ya nati ya krenki. Cha pili ni tundu dogo la kuchungulia. Ingiza gia ya mwisho, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono polepole kuelekea mbele, huku ukichungulia. Utaona herufi T ikipita, na kando yake mstari. Simamisha mstari huo ulingane na alama iliyo kwenye ukingo wa tundu. Hapo pistoni iko juu kabisa.

Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja ikigandamiza, mara moja ikisukuma moshi nje. Wewe unaitaka ile ya kugandamiza. Shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise. Zikicheza kidogo zote mbili, upo penyewe. Moja ikiwa imekazana, zungusha injini duara moja zima mpaka T irudi, kisha jaribu tena. Zikikataa kucheza mara zote mbili, huenda nafasi imekwisha kabisa, kama ilivyokuwa yangu. Basi tazama roka unapozungusha: ya kuingiza ikishashuka na kurudi juu, T inayofuata ndiyo yenyewe.

Sasa chukua jani la kipimo chako, lipitishe kati ya ncha ya skurubu na mkia wa valvu. Linatakiwa lipite kwa kusugua kidogo, kama noti unayoivuta kutoka katikati ya kitabu kilichofungwa. Likipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Likikataa, ni ndogo. Usilisukume kwa nguvu, litajikunja. Kurekebisha, legeza nati ya nje kwa spana, geuza skurubu ya ndani kidogo sana, pima tena.

Ukipata kipimo, ishike skurubu isizunguke huku ukikaza nati. Halafu pima mara nyingine, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skurubu pamoja nayo. Mimi nilirudia valvu moja mara sita siku ya kwanza. Mzee alikunywa chai yake ikaisha. Usikaze nati kwa hasira pia, uzi wake ni mwembamba na hukatika.

Ukimaliza zote mbili, zungusha injini mara kadhaa, irudishe kwenye T ile ile ya kugandamiza, upime kwa mara ya mwisho. Rudisha vifuniko na mipira yake, iliyopasuka ibadilishe, rudisha plagi, toa gia, washa.

Kuna injini ambazo hazina skurubu hii, hurekebishwa kwa visahani vya unene mbalimbali. Hizo mwachie fundi anayezijua. Vilevile kama umeweka nafasi sawasawa na kiki bado ni laini, valvu imekwisha kuungua, au ni pistoni na ringi zake. Kichwa kitafunguliwa, na hilo si la mwanafunzi.

Kuhusu muda, fuata kilomita zilizoandikwa kitabuni. Anayeendesha boda kilomita 100 kila siku hufikisha 3000 kwa mwezi mmoja, wakati mwenzake wa kwenda kazini tu hazifikishi kwa nusu mwaka. Hawawezi kufuata kalenda moja. Mimi nimeandika kilomita za kupima mara ya mwisho kwa rangi, ndani ya kifuniko cha ubavu. Na ile tik-tik ndogo ya mbali, kama cherehani inayoshona chumba cha pili, bado ipo kwenye pikipiki yangu. Wiki iliyopita kijana mmoja pale stendi ya Nakawa aliisikia, akasema ataniondolea kwa bei nafuu. Nilimwonyesha fila.