Koili za kuziba aneurisimu ya ubongo

Aneurisimu ya ubongo ni kifuko kinachotuna pale ukuta wa ateri ulipodhoofika, mara nyingi kwenye njia panda za mishipa iliyo chini ya ubongo. Kikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa ambayo hajapata kuyaona. Tiba ya zamani ni kufungua fuvu na kuibana shingo ya kifuko kwa kibanio cha chuma. Tiba ya pili huacha fuvu salama: mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya paja au ya mkono, ukaongozwa kwa picha za eksirei hadi ndani ya kifuko, kisha kifuko hujazwa koili, yaani nyuzi laini za platinamu zilizosokotwa. Kazi hiyo huhitaji maabara ya angio, kama iliyopo MOI, taasisi ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu iliyo katika eneo la Muhimbili, Upanga.

Koili inayoachiwa kwa umeme ilibuniwa na Mtaliano Guido Guglielmi akiwa Los Angeles, na mgonjwa wa kwanza aliwekewa mwaka 1990. Mkondo mdogo wa umeme huyeyusha kiungo kati ya koili na waya unaoisukuma. Kabla ya hapo daktari anaweza kuivuta na kuipanga upya. Mwaka 2002 utafiti wa ISAT, uliohusisha wagonjwa 2,143 ambao aneurisimu zao zilikuwa zimepasuka, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 upande wa koili na 30.6 upande wa upasuaji wa fuvu.

Udhaifu wa koili ni kwamba kifuko huweza kufunguka tena. Hata kinapoonekana kimejaa kwenye picha, platinamu huwa imechukua kama robo tu ya nafasi. Kilichobaki ni damu iliyoganda. Damu ikiendelea kugonga, koili hujibana na shingo ikafunguka. Ndiyo maana umbo lina uzito mkubwa: koili ya kwanza hujikunja pande zote na kutengeneza kiunzi, zinazofuata hujaza katikati, na za mwisho, fupi na laini kuliko zote, huziba mianya ya shingoni. Kiunzi kikiwa kikubwa mno kinaweza kukipasua kifuko. Kikiwa kidogo, hakishiki ukuta.

Baada ya umbo huja malighafi. Watengenezaji walijaribu kuongeza plastiki inayoyeyuka mwilini ili kuchochea kovu. Wazo lilivutia na bei ikapanda, lakini majaribio ya koili za Matrix na Cerecyte hayakuonyesha kwamba zinashinda platinamu tupu. Koili zenye jeli inayovimba ikikutana na damu zina hoja nzito zaidi. Za mwanzo zilikuwa ngumu, na daktari alikuwa na dakika chache tu za kuzipanga kabla jeli haijavimba. Hata hivyo utafiti wa HELPS wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 499, ulikuta vifuko vichache zaidi vikifunguka sana. Za kizazi cha pili ni laini. Katika utafiti wa HEAT, aneurisimu zilizorudi zilikuwa asilimia 4.4 kwa jeli na 15.4 kwa platinamu tupu, ingawa hali ya wagonjwa wenyewe haikutofautiana sana.

Takwimu hiyo ya mwisho hupimwa tofauti kwa mgonjwa anayeishi jirani na hospitali na kwa aliyesafiri kutoka Kigoma. Wa kwanza hurudi kupigwa picha bila shida, na kifuko kikifunguka huongezewa koili. Kwa wa pili, kila safari ni nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea, kwa hiyo koili ya jeli, hata ikiwa ghali, inaweza kuwa nafuu mwishowe. Lakini shingo ikiwa pana, hakuna aina ya koili inayotosha peke yake: huhitajika puto la kuzizuia kwa muda au stenti ya kuzishikilia. Mwenye stenti hulazimika kumeza dawa za kuzuia damu kuganda, jambo la hatari kwa aliyekwisha kuvuja damu ubongoni.