Akiba Nayo Huoza: Tupime Vifaa vya Dharura Kabla ya Dharura

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hiyo yamfaa mweka akiba ya fedha, lakini mwanasayansi hana budi kuitilia shaka kila afunguapo kabati la vifaa vya dharura.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni, mwanafunzi alijikata mguu kwa kioo usiku ambapo umeme ulikuwa umekatika. Tuliikimbilia tochi ya dharura. Betri zake mbili nilikuwa nimezipima mwenyewe juma lililotangulia kwa voltimita. Kila moja ilionyesha volti 1.4, nami nikaandika daftarini: "Nzuri." Tulipoiwasha, balbu ilitoa wekundu hafifu kama wa kaa linalozimika. Vipande vya kioo tulivitoa kwa mwanga wa mshumaa. Kijana yule alipona, lakini kosa lilikuwa langu.

Kosa lilikuwa wapi? Voltimita huvuta mkondo mdogo mno, kwa hiyo haiitaabishi betri. Katika betri ya zinki na kaboni, zinki huliwa polepole na kemikali hata betri isipotumika, na unyevu wa ndani hukauka. Ukinzani wa ndani huongezeka, ilhali volti huweza kupungua kidogo tu.

Na tufanye hesabu. Tuseme balbu ina ukinzani wa omu 10. Betri mbili mpya za volti 1.5, kila moja ikiwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.3, hutoa mkondo wa 3.0 ÷ 10.6, yaani ampea 0.28, balbu hupata takribani wati 0.8. Sasa tuchukue betri mbili kuukuu za volti 1.4, kila moja ikiwa na ukinzani wa ndani wa omu 3. Mkondo ni 2.8 ÷ 16, yaani ampea 0.175, na balbu hupata wati 0.3 tu. Volti zilizopimwa zimepungua kidogo, bali nguvu imepungua kwa zaidi ya nusu.

Udanganyifu wa namna hii haupo katika betri peke yake. Hebu tuutazame mtungi wa kuzimia moto wenye kabonidioksidi, uliotundikwa katika maabara. Ndani yake gesi hiyo imeshindiliwa hata sehemu yake kubwa ikawa kimiminika. Kwenye joto la sentigredi 20, kanieneo yake ni takribani mara 57 ya ile ya angahewa, na hubaki hivyo maadamu kimiminika kipo, kiwe kingi au kidogo. Ndiyo maana kwa kawaida mtungi huo hauna geji: kanieneo haiwezi kutueleza kilichosalia. Dawa yake ni mizani. Uzito wake halisi ulinganishwe na ule ulioandikwa juu ya mtungi. Gesi ikiwa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi, mtungi upelekwe ukajazwe.

Basi, kanuni ni moja: kipimo kifaacho ni kile kinachogusa kazi yenyewe ambayo kifaa kitatakiwa kuifanya. Tochi na iwashwe kwa dakika kadhaa, isipimwe kwa voltimita peke yake. Mtungi na upimwe uzito, usitazamwe rangi yake tu. Sanduku la huduma ya kwanza na lifunguliwe, tarehe za dawa zisomwe. Mlango wa dharura na usukumwe na mwanafunzi, bila kumtafuta mwenye ufunguo.

Walimu wanaweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la fizikia la kila muhula. Wanafunzi wapime volti ya betri peke yake, kisha waipime tena balbu ikiwa inawaka, na kutokana na tofauti hiyo wakokotoe ukinzani wa ndani. Matokeo yaandikwe daftarini pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Neno "nzuri" peke yake lisikubaliwe.