Lise ya wasichana na Katiba: kweli au uongo?

"Katiba inakataza shule ya wasichana peke yao." Uongo. Katiba ya Kongo (DRC) ya 18 Februari 2006 haitaji shule za namna hiyo, na ibara ya 43 inawapa wazazi haki ya kuchagua elimu ya watoto wao. Ila ibara ya 45 inamfungulia kila mtu shule za elimu ya taifa bila ubaguzi wa asili, dini wala jinsia. Kwangu, ibara hizo zinapatana kwa sharti moja: asiwepo mtoto anayekosa somo kwa sababu ya jinsia yake. Mkataba wa UNESCO wa 1960 nao unakubali shule za kike na za kiume, mradi walimu wawe na sifa sawa, vifaa viwe vya ubora ule ule na masomo yalingane.

"Lise ya masista ni ya kanisa, Katiba haiihusu." Uongo mtupu. Serikali ilizichukua shule za makanisa mwaka 1974, kisha ikarudisha usimamizi kwa makubaliano ya 26 Februari 1977. Zimebaki shule za umma: programu ni ya taifa na mtihani wa taifa, Exetat, ni ule ule.

"Kuwatenga wasichana hakujamdhuru mtu." Hapa Panda, Likasi, tusikubali upesi. Katika makambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ya ukoloni, mvulana aliandaliwa kwa ufundi wa kiwandani, msichana kwa kushona na kutunza nyumba. Programu ya kikoloni ya 1948 nayo iliwawekea wasichana njia yao, fupi zaidi. Ubaya ulikuwa katika kile walichonyimwa darasani, si katika kutenganishwa kwenyewe. Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza mwanamke kupata shahada ya chuo kikuu, mwaka 1964, alisoma sekondari kwa masista. Kwa hiyo leo nisingeuliza kwanza nani anakaa na nani. Ningeingia madarasani: cherehani zipo, maabara ya kemia je? Katika mji unaoishi kwa shaba na kobalti, msichana asiyeshika mizani ya maabara anafungiwa kazi nyingi nzuri za mji wake. Na shule ya umma ya ufundi ikimkatalia umakanika au umeme kwa kuwa ni msichana, imevunja ibara ya 45.

"Shule ya umma ni bure." Nusu kweli. Ibara ya 43 inataja shule ya msingi tu, na utekelezaji ulianza 2019. Lise ni sekondari, na hapo ndipo mabinti wengi wanakwama.

"Raia wa kawaida hafiki Mahakama ya Katiba." Uongo. Ibara ya 162 inamruhusu mtu yeyote kupinga huko sheria au kanuni inayokiuka Katiba. Mwanao akikataliwa na mkuu wa shule, usianzie Kinshasa: omba sababu kwa maandishi, uipeleke kwenye ofisi ya elimu hapa Likasi.