MKANDA WA JESHI NA JAMAA ZAKE: VIRUSI VINAVYOJIFICHA NA DAWA INAYOVITEGA



Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Methali hii tumeiandika mara nyingi katika insha, tukapata alama, tukaenda zetu. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao ni kana kwamba methali hii ilitungiwa wenyewe. Mtu huamka akiwa na maumivu upande mmoja wa kifua au mgongo, yanachoma kama pasi ya makaa. Siku mbili tatu baadaye malengelenge hutokea, yamejipanga kama mshipi. Wenzake bwenini wakiyaona, mnong'ono huanza: "Huyo ana mkanda wa jeshi. Kwisha yeye!" Basi mgonjwa hufunga vifungo vyote vya shati, akanyamaza. Na kunyamaza huko ndiko kunakomponza, kwa maana dawa ipo, lakini dawa yenyewe haingoji.

Katika makala haya nitaeleza ugonjwa huo unatoka wapi, jamaa zake ni akina nani, na hiyo dawa inafanya kazi vipi.

Jamii moja, sura nyingi

Mkanda wa jeshi huletwa na kirusi cha jamii ya hepesi. Neno hilo lina asili ya Kigiriki cha kale, na maana yake ni kutambaa. Wataalamu huhesabu virusi 9 vya jamii hii vinavyompata binadamu. Sifa yao kubwa ni moja: vikishaingia mwilini haviondoki. Ugonjwa unaweza kuisha, ngozi ikapona ikawa safi, kumbe kirusi kimekwenda kulala mahali fulani na kinangoja siku yake.

Wa kwanza ni yule anayeleta vipele vya midomoni. Huku kwetu watu husema eti "homa imetokea mdomoni", wakidhani ni malaria inayotoka. Kwa kweli homa haikutoka popote. Homa iliuchosha mwili, na kirusi kilichokuwa kimelala kikapata nafasi ya kuamka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 hivi walio chini ya miaka 50 wanacho kirusi hiki. Kwa hiyo usimcheke mwenzako mwenye kidonda mdomoni. Huenda hata wewe unacho.

Wa pili ni ndugu yake wa karibu, aletaye vidonda sehemu za siri, na huambukizwa hasa kwa njia ya zinaa. Wa tatu ni yule wa tetekuwanga na mkanda wa jeshi, ambaye nitamrudia.

Kuna mwingine ambaye historia yake imeshikana na Afrika Mashariki. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza uvimbe wa saratani alioukuta katika taya za watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London. Huko, mwaka wa 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona ndani yake kirusi kipya cha jamii ya hepesi. Ndicho kirusi cha kwanza kutambuliwa kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu.

Tetekuwanga na mkanda ni kitu kimoja

Hapa ndipo wengi hushangaa. Kirusi kinacholeta tetekuwanga utotoni ndicho hicho hicho kinacholeta mkanda wa jeshi ukubwani. Mtoto akipata tetekuwanga, hujikuna wiki moja hivi, vipele hukauka, naye anarudi kucheza. Lakini kirusi hakikufa. Hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka penye mafundo yake karibu na uti wa mgongo, kikalala hapo miaka 10, 30 au hata 60. Siku kinga ya mwili inapolegea, hushuka kwa mshipa ule ule hadi kwenye ngozi.

Kila mshipa hulisha utepe mmoja wa ngozi, tena upande mmoja tu wa mwili. Ndiyo maana malengelenge hujipanga kama mkanda na kukomea katikati. Na ndiyo maana maumivu hutangulia: mshipa huumia kabla ngozi haijaonyesha kitu.

Mtu hawezi kuambukizwa mkanda wa jeshi na mwenzake. Lakini maji ya malengelenge hayo yakimgusa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, huyo anaweza kupata tetekuwanga. Basi malengelenge yafunikwe kwa nguo safi mpaka yakauke.

Mwalimu wa sekondari aliyegeuka mvumbuzi

Kwa miaka mingi madaktari hawakuwa na la kufanya mbele ya virusi. Penisilini na wenzake huua bakteria, wala haiwezi virusi. Tatizo ni kwamba kirusi hukaa ndani ya seli zetu na kutumia vyombo vyetu wenyewe. Ukikipiga, wampiga na mwenye nyumba. Dawa za mwanzo za hepesi zilikuwa hivyo: mojawapo ilitumiwa kama matone ya macho katika miaka ya 1960, lakini ilikuwa na sumu mno kwa matumizi ndani ya mwili.

Aliyebadilisha mambo ni timu iliyokuwa na mwanamke mmoja, Gertrude Elion. Alizaliwa New York mwaka wa 1918. Alipokuwa na miaka 15 babu yake alifariki kwa saratani, naye akaazimia kusoma sayansi ili apambane na maradhi. Alihitimu digrii ya kemia mwaka wa 1937, lakini maabara zikamfungia milango kwa kuwa ni mwanamke. Kwa muda alifundisha kemia na fizikia katika shule za sekondari, huku usiku akiendelea na shahada ya pili. Mwaka wa 1944 akaajiriwa na George Hitchings katika kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome. Shahada ya udaktari wa falsafa hakuimaliza kamwe, maana chuo kilimtaka aache kazi, naye akakataa.

Mwaka wa 1974 Howard Schaeffer, Elion na wenzao waligundua nguvu ya dawa inayoitwa asikloviri, na mwaka wa 1977 wakaitangazia dunia. Ilianza kuidhinishwa Marekani mwaka wa 1982, na vidonge vyake vikafuata mwaka wa 1985. Mwaka wa 1988 Elion, Hitchings na James Black walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Aidha, maabara hiyo hiyo ndiyo iliyochunguza AZT, dawa ya kwanza ya kupunguza makali ya UKIMWI, iliyoidhinishwa mwaka wa 1987. Subira yavuta heri!

Mtego wenyewe ukoje?

Hebu tufikirie garimoshi la mizigo. Mabehewa yake yameunganishwa moja baada ya jingine, kila behewa likiwa na kulabu mbele na nyuma. DNA ya kirusi imeungwa namna hiyo. Ili kizaane, ni lazima kiunde garimoshi jingine kama lile la kwanza, behewa kwa behewa.

Asikloviri ni behewa la bandia. Kwa mbele lina kulabu, kwa nyuma halina. Kirusi hulichukua kikidhani ni la kweli na kuliunganisha. Kikitaka kuongeza la pili, hakuna pa kushika! Garimoshi hukatikia hapo na kirusi hakizaani tena.

Je, mbona halikatizi garimoshi letu sisi? Hapo ndipo penye ujanja. Asikloviri ukiimeza huingia mwilini ikiwa imelala. Ili iamke ni lazima ibandikwe fosfeti 3. Ile ya kwanza hubandikwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, na seli isiyo na kirusi haiwezi kazi hiyo ila kwa kiasi kidogo sana. Mbili zinazobaki ndizo zinazobandikwa na seli yetu. Kwa hiyo dawa huamka pale tu alipo adui, na adui ndiye anayeiamsha. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Faida yake imeonekana. Kirusi cha vipele vya midomoni kikiingia kwenye ubongo, jambo ambalo hutokea kwa nadra, zamani wagonjwa 7 hivi kati ya 10 walifariki. Wakitiwa asikloviri mshipani mapema, wengi wao sasa huokoka.

Dawa haingoji

Asikloviri huzuia kirusi kuzaana, haiondoi madhara yaliyokwisha kutokea. Kwa sababu hiyo madaktari husisitiza kwamba mgonjwa wa mkanda wa jeshi aanze dawa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Siku tatu tu, ndugu msomaji! Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Ipo pia nduguye iitwayo valasikloviri, ya tangu 1995, ambayo hunywewa mara 3 kwa siku. Lakini kipimo ni kazi ya daktari, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo. Maji nayo yanywewe kwa wingi, kwa maana dawa hii hutokea kwenye figo.

Mtu akichelewa, maumivu yanaweza kubaki miezi au hata miaka baada ya ngozi kupona. Na malengelenge yakitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, huyo akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani jicho li hatarini na upofu si mbali.

Je, dawa hii hukiondoa kirusi kabisa? La. Kirusi kilicholala hakizaani, hivyo hakiingii mtegoni. Dawa hufupisha ugonjwa na kupunguza makali yake, basi. Mtoto mzima wa afya mwenye tetekuwanga kwa kawaida hata haihitaji. Mtu mzima, mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye kinga dhaifu, hao wasikae nyumbani bila kumwona daktari. Na mtoto wa tetekuwanga asipewe aspirini hata kidogo, kwa sababu inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo.

Mkanda na UKIMWI

Sasa tuje kwenye ule mnong'ono wa bwenini. Ni kweli kwamba virusi vya UKIMWI hudhoofisha kinga, na kinga ikidhoofika mkanda wa jeshi hupata nafasi. Kwa hiyo daktari akimwona kijana mwenye mkanda humshauri apimwe. Lakini si kila mwenye mkanda ana UKIMWI. Uzee, saratani na baadhi ya dawa huweza kuuamsha, na wengine huupata bila sababu inayojulikana. Kule Marekani mtu 1 kati ya 3 huupata maishani. Tena aliyepimwa akakutwa na virusi ana dawa za kumwezesha kuishi miaka mingi. Kwisha yeye kwa vipi?

Watafiti walijiuliza pia kama asikloviri ingeweza kuzuia UKIMWI, kwa kuwa vidonda vya hepesi huufungulia mlango. Walichukua jozi 3,408 za wapenzi, mmoja ana virusi vya UKIMWI na mwenzake hana, katika nchi 7 za Afrika. Hapa Kenya walitoka Kisumu, Eldoret, Thika na Nairobi. Majibu yalichapishwa mwaka wa 2010: vidonda vilipungua sana, lakini maambukizi ya UKIMWI hayakupungua. Hilo nalo ni funzo. Dawa ina mipaka yake, na nidhamu ya mtu haiuzwi dukani.

Tusichanganye mambo

Kuna wasemao kwamba mkanda ukikutana mbele na nyuma mtu hufa. Si kweli, kama tulivyoona, mshipa hukomea katikati. Mkanda ukitokea pande zote mbili, ni dalili ya kinga dhaifu, na jibu ni hospitali, si matanga.

Kuna wengine hupaka majivu, dawa ya meno au mafuta ya taa. Hayo huchoma ngozi na kukaribisha usaha, huku saa 72 zinapita.

Isitoshe, wakati wa mvua kuna yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi. Ukimponda ngozini hukuachia sumu inayotoa malengelenge siku inayofuata, na watu hudhani ni mkanda. Huyo si kirusi, na asikloviri haimhusu. Mpeperushe bila kumponda, kisha uoshe kwa sabuni na maji.

Tamati

Basi, ndugu mwanachama, ukimwona mwenzako ameshika ubavu na kukunja uso, usimnong'one. Mpeleke kwa nesi wa shule kabla jua halijatua mara tatu. Gertrude Elion na wenzake walifanya kazi miaka mingi kuutega mtego huu. Lakini mtego hauwezi kumnasa adui ambaye mgonjwa anamficha chini ya shati.