Ufundi saa: Anza na betri, kamani ifuate baadaye

KWA anayetafuta kazi ya mikono ya kujiburudisha jioni, saa za mkononi zina faida moja: karakana nzima hutosha juu ya meza ndogo. Mkulima anaweza kujifunza shughuli za shamba zinapopungua, na mwenye duka wateja wakiwa wachache. Hasara huja pale anayeanza anaponunua vifaa vingi kwa mkupuo, kisha akafungua saa ya thamani kabla mkono haujazoea.

Ni vyema kuanzia kwenye saa za betri. Vifaa vya lazima ni vichache: seti ya bisibisi ndogo, kibano cha chuma na cha plastiki, lenzi ya jichoni, kifungulio cha mfuniko wa nyuma na kifaa cha kutolea pini za mkanda. Kipimo cha umeme huonyesha kama betri imekwisha kweli au tatizo liko kwenye mashine. Saa za mazoezi ni zile mbovu zilizosahauliwa kabatini.

Vipuri ni namba

Vipuri vya saa havinunuliwi kwa kukadiria kwa macho. Betri ya SR626SW, ambayo pia huitwa 377, ina upana wa milimita 6.8 na unene wa milimita 2.6. AG4 huingia mahali hapo hapo, lakini ni ya alkali: nguvu yake hushuka polepole, na ikiachwa ndani baada ya kwisha huweza kuvuja na kula sakiti. SR hushikilia volti 1.55 karibu hadi mwisho. Anayebana senti kwenye betri anaweza kupoteza saa nzima.

Mkanda nao hupimwa kwa nafasi iliyopo kati ya masikio ya saa. Vipimo vya milimita 18, 20 na 22 ni vya kawaida, na pini hufuata kipimo hicho. Mpira wa mfuniko uliochoka hubadilishwa, la sivyo jasho na maji huingia.

Mashine ya saa ya betri ikifa, mara nyingi ni nafuu kuibadilisha nzima. Miyota 2035, inayotumia betri hiyo ya 377, imo katika saa nyingi za bei nafuu za chapa mbalimbali. Namba husomwa kwenye mashine yenyewe. Hatari kubwa ni bisibisi kuteleza: ikigusa koili, waya mwembamba kuliko unywele hukatika.

Saa za kamani zisubiri. Kamani iliyojazwa lazima ilegezwe polepole kabla ya kugusa gia, vinginevyo meno huweza kuvunjika. Kila kipande husafishwa, na sehemu zinazohitaji tu hutiwa tone dogo la mafuta maalumu ya saa.

Majirani wakianza kuleta saa zao, burudani imegeuka biashara. Kabla ya kufungua saa, andika hali yake mbele ya mwenyewe, gharama ya kipuri na malipo mliyokubaliana. Usimhakikishie mteja kwamba saa haitaingia maji kama huna kifaa cha kupimia. Saa moja ya mteja ikiharibika, inaweza kumeza faida ya betri nyingi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.