Mawazo Yakizidi: Tabia Ndogo za Kila Siku za Kumlinda Mama na Mtoto

  Tumekwisha kuongea juu ya chanjo, malaria na ugonjwa wa kuhara. Leo tutaongea juu ya afya ya akili.

Tafadhali usizime redio. Wengi wakisikia maneno hayo wanafikiria yule mtu anayeongea peke yake sokoni. Lakini kila mmoja wetu ana afya ya akili, kama vile kila mmoja ana afya ya mwili. Ni jinsi unavyofikiri, unavyohisi, unavyolala, na unavyoweza kufanya kazi zako na kuishi na watu wako.

Tunajua nyakati ni ngumu. Mvua ikikosa, mahindi yanakauka. Mvua ikizidi, kama ile ya Aprili na Mei 2024, maji yanachukua nyumba na watu. Januari inakuja na karo na sare. Kibarua kimeisha, na mwenye nyumba anabisha mlango.

Mwili ukiona hatari hujitayarisha. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, macho hayataki usingizi. Hali hiyo inakusaidia ukikutana na nyoka shambani, kwa sababu nyoka akienda, mwili unatulia. Shida ya karo haiendi upesi hivyo. Mwili ukikaa katika hali ya hatari wiki baada ya wiki, unachoka. Ndipo kichwa kinauma, tumbo linasokota, na unamchapa mtoto kwa sababu ya kikombe kilichovunjika.

Mtoto pia anaumia. Katika kliniki yetu huja mama na mtoto ambaye uzito wake umesimama kwa miezi miwili. Tunapima malaria, tunauliza juu ya minyoo na chakula. Wakati mwingine chakula kipo nyumbani, lakini mama hana nguvu ya kukaa na mtoto na kumlisha polepole, kwa maana yeye mwenyewe hajalala vizuri tangu msiba. Kumtibu mtoto peke yake hakutoshi. Mama naye lazima asaidiwe.

Sasa tuone mambo unayoweza kufanya nyumbani bila kutumia pesa.

Kwanza, pumua polepole. Keti, legeza mabega, weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 3, tumbo lipande. Halafu itoe polepole kwa mdomo, kama mtu anayepoza chai. Fanya hivyo kwa dakika 5, mara mbili kwa siku. Unaweza kufanya ukinyonyesha au ukingojea maji ya ugali yachemke. Mwili ukipumua hivyo, moyo hupunguza mbio.

Pili, gawanya shida zako. Chukua karatasi, au hata mawe madogo. Upande mmoja weka shida ambazo unaweza kuzifanyia jambo. Upande wa pili weka zile ambazo haziko mikononi mwako, kama mvua na bei ya mafuta. Kutoka upande wa kwanza chagua shida moja tu, na utafute hatua ndogo ya kwanza. Tuseme karo ni shilingi 6,000 na huna. Hatua ya kwanza ni kumwona mwalimu mkuu Jumatatu na kumwomba ulipe kidogo kidogo. Ukifika kwake, umefanya kazi ya siku hiyo. Hatua ya pili itakuwa na siku yake.

Tatu, usiache shughuli zako. Mtu mwenye huzuni huanza kukosa chama, kanisa au msikiti. Haendi tena kusukwa nywele. Anasema, "Nitaenda nikijisikia vizuri." Lakini mara nyingi mwili hutangulia na moyo hufuata. Anza na jambo dogo: fagia uwanja, panda sukuma wiki chache, tembea hadi kwa jirani na urudi. Lipangie saa, ulifanye hata kama hamu haipo.

Nne, linda usingizi. Lala na uamke saa zile zile kila siku. Kuanzia alasiri punguza chai ya majani na kahawa. Sikiliza habari mara moja au mbili kwa siku, kisha uziache. Picha za misiba kwenye simu usiku wa manane hazikusaidii. Kama una mtoto mchanga, lala wakati analala, na umwombe mtu unayemwamini akushikie mtoto hata saa moja.

Tano, usitafute nafuu katika pombe. Inaleta usingizi mfupi, halafu inakuamsha usiku ukiwa na mawazo mabaya zaidi. Usinunue vidonge vya usingizi bila kuandikiwa na daktari. Na kama tayari unatumia dawa za akili kutoka hospitali, usiziache mwenyewe hata ukijisikia nafuu.

Sita, ongea na mtu mmoja anayetunza siri. Na wewe unayeambiwa, usiharakishe kusema "jikaze" au "wengine wana shida kukuliko". Nyamaza, sikiliza, kisha uliza, "Nikusaidie na nini?" Kumchotea maji au kumwangalilia watoto ni matibabu pia.

Mambo haya yamejaribiwa hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha mafunzo ya vikao 5 yenye kupumua polepole, kutatua shida, kurudia shughuli na kutafuta watu wa kukusaidia. Yalijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 421 waliokuwa wamepitia dhuluma. Waliofundisha walikuwa wahudumu wa afya wa kijamii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliopata mafunzo hayo walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Hata hivyo, kuna wakati tabia hizi hazitoshi. Kama kwa wiki mbili mfululizo umekuwa na huzuni karibu kila siku, huna hamu ya chochote, hulali au huli, nenda katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Unaweza pia kumwambia mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chenu. Sema wazi: "Naumwa na mawazo." Ukisema kichwa tu, utapewa dawa ya kichwa tu.

Mama aliyejifungua akianza kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, au kuwaza kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ukishuku mwenzako anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za shamba na vidonge vilivyo karibu, kisha mpeleke akatibiwe. Zamani wengi walificha kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinakiuka Katiba. Basi mtu huyu ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, apelekwe hospitalini bila kufichwa.

Unaweza pia kupiga simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199. Kwa shida zinazomhusu mtoto, piga 116, nayo ni ya bure.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Chagua tabia moja kati ya hizi sita uifanye kila siku. Kisha umtembelee mama mmoja ambaye hamjamwona kwenye chama siku nyingi, umjulie hali.